Sukari Imeshuka, Wao Wanacheka

Kazi yangu ya kwanza baada ya kumaliza darasa la saba ilikuwa kushindilia pamba. Soko lilikuwa limeshafunguliwa, wanunuzi binafsi wamejaa pale Nkoma kama inzi kwenye kibuyu cha maziwa, kila mmoja na mzani wake, na kila mmoja anatafuta vijana wenye miguu. Gunia linaning'inizwa kwenye miti, unaingia ndani, unamwagiwa pamba kichwani, wewe unakanyaga. Nilikuwa naipenda ile kazi, maana ukiwa ndani ya gunia kinachoonekana ni kichwa tu, na kichwa hakipigiki kirahisi. Basi kila anayepita nilikuwa namrushia lake.

"Mama, huyo mume uliyekuja naye ni safi au fifi?"

Fifi ndiyo ile pamba chafu, yenye madoa, inayonunuliwa kwa bei ya huruma. Mama wa watu anacheka mpaka khanga inadondoka, mume ananitafuta kwa macho, mpima mizani anasahau alikuwa amefikia wapi. Wapo waliokuwa wananiita kazini kwa ajili ya miguu, lakini wengi waliniita kwa ajili ya mdomo.

Msimu mmoja miguu ikaanza kuniishia. Kwanza ilikuja kiu. Siyo kiu ya jua, ile unakunywa kata moja ikaisha. Hii nilikuwa nakunywa mpaka tumbo linalia kama debe, na ulimi bado umekauka. Halafu maji yale yote yanataka kutoka. Unaingia kwenye gunia, hujakanyaga hata robo, unaomba utolewe. Kutolewa kwenye gunia ni watu wawili wakuvute makwapa, ukirudi ndani wakusukume tena.

"Huyu ana mimba," wenzangu wakasema.

"Ndiyo," nikawajibu, "na baba yake yuko hapa hapa, namsubiri ajitaje mwenyewe."

Tukacheka. Suruali ikaanza kushuka, nikaifunga kwa kamba ya katani. Nikasema nimefunga mkanda kwa sababu ya soko huria. Tukacheka tena. Halafu siku moja nikasema kitu, hata sikumbuki nini, na hakuna aliyecheka. Walikuwa wananiangalia shingo.

Miaka ile kijana akikonda, watu hawakuulizi unaumwa nini. Wanajua tayari. Walisema nimekanyaga waya, yaani nina ukimwi. Mimi! Mimi ambaye wasichana niliowahi kuwashika walikuwa ni wale wa kwenye hadithi zangu tu. Nilitamani nipande juu ya mzani nitangaze kwamba zile hadithi zote za Mwanhuzi na za Bariadi mjini nilitunga. Lakini ningetangaza, nani angeamini? Na wangeamini, ningebaki na nini?

Aliyeona la maana ni mayu. Kwetu mama tunamwita mayu, na mayu wangu ni mtu wa maneno machache. Sijui mdomo huu niliutoa wapi. Aliona sisimizi. Walikuwa wanapanga mstari kwenda nyuma ya kihenge cha mtama, pale nilipokuwa nakojoa nikibanwa, na mayu akachuchumaa akawaangalia muda mrefu kama mtu anayesoma. Kesho yake tukadandia lori la pamba kwenda Bariadi. Nililala juu ya magunia niliyoyashindilia mwenyewe. Yalikuwa magumu. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri.

Hospitalini wakachukua mkojo wangu, wakauchemsha na dawa ya bluu kwenye kichupa. Bluu ikawa kijani, kijani ikawa njano, ikaishia rangi ya tofali. Nikamwambia nesi, "Tukiendelea hivi hadi jioni tunapata nyumba."

Hakucheka. Alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti ya kanisani. Akamgeukia mayu. "Mama, kijana ana kisukari. Na hiki ni kile cha sindano."

Mayu akasema, "Lakini sisi sukari ni ya wageni."

Nikaona nimsaidie. "Nesi, kisukari si ni ugonjwa wa wenye vitambi na magari? Mimi sina hata baiskeli. Labda umeniletea wa mtu mwingine."

Hapo akatabasamu, kidogo tu, halafu akaniambia nikae. Akanionyesha namna ya kuvuta dawa kwenye kichupa, kutoa hewa, kubana nyama ya tumbo. Tukajifunzia kwenye limao. Limao lilivumilia vizuri sana. Nikauliza, "Hii ni mpaka lini?"

"Asubuhi na jioni."

"Asubuhi na jioni mpaka lini?"

"Baba, kila siku."

Nilikuwa na jibu. Kila mara ninalo. Nikafungua mdomo nikakuta hakuna kitu mle ndani, pamekauka tu, ile ile kiu. Mayu akauliza kwa niaba yangu, kwa Kisukuma, kama vile kwa Kisukuma siku zingepungua. Nesi naye alikuwa Msukuma. Akamjibu kwa Kisukuma. Hazikupungua.

Kabla hatujaondoka akatushika mikono wote wawili. "Sikilizeni. Ukishajichoma, ule. Usikae bila kula. Ukikaa, sukari itashuka, utatetemeka, utatoka jasho, utaongea ovyo, mwisho utaanguka, na ukianguka unaweza usiamke. Ukiona dalili tu, lamba sukari." Njia nzima juu ya lori mayu alikuwa anarudia yale maneno kwa sauti ya chini, kama mtoto aliyetumwa dukani.

Nyumbani tulizika chungu kidogo ardhini kwenye kona ya nyumba, tukaweka mchanga wenye maji, na kichupa cha dawa ndani yake kikae baridi. Watu wakaja kutoa pole. Hilo lilinimaliza kuliko sindano. Wanakaa, wanasema "mwadila," tunaitikia "mhola," halafu wananiangalia kama ng'ombe aliyevunjika mguu ambaye bado hawajaamua afanyweje. Mmoja alisema kuna mganga. Mwingine alisema nimelogwa na waliokuwa wanauonea wivu mdomo wangu. Nikamwambia hao wangeloga mdomo, tumbo limewakosea nini? Akaitikia kwa huzuni, "Kweli, mwanangu." Yaani hata utani wangu sasa ulipokelewa kama habari za msiba.

Siku za mwanzo nilikuwa najichoma nyuma ya kihenge huku naitania sindano. Naiita shemeji. Naiambia leo njoo taratibu. Ilisaidia. Halafu ikafika asubuhi moja, hakuna kilichotokea, jua limechomoza kama kawaida, kuku wanaparua, nikavuta dawa, nikabana nyama, mkono ukakataa. Siyo uoga wa maumivu. Sindano yenyewe haiumi kama mwiba wa mgunga. Ilikuwa ni lile neno, kila siku. Niliziona siku zimejipanga kama magunia kwenye ghala, mpaka juu kwenye bati, na zote natakiwa nizishindilie mimi. Nikakaa chini, nikalia, sindano iko mkononi, na nilijitafuta nijitanie nikajikosa.

Mayu akaja. Hakusema pole. Alipiga magoti, akaninyanyulia shati, akalishika pale juu kwa mikono miwili kama anavyonishikia mdomo wa gunia nikimwaga mtama. Akasubiri. Nikajichoma. Kuanzia siku hiyo asubuhi alikuwa anakuja kushika shati.

Jioni hakuweza kuja, kwa sababu jioni nilikuwa shikome.

Shikome ni pale uani panapowashwa moto wa wanaume. Baba yangu alishafariki, kwa hiyo mji ulikuwa wa guku, yaani babu, na shikome ilikuwa yake. Wanaume wote wa mji tunakaa pale kuota moto, kuongea, na ugali unaletwa kutoka jikoni, tunakula sahani moja. Mwanaume hatoki shikome kwenda kula jikoni kwa wanawake. Mtoto mdogo, sawa. Mimi nilikuwa nimeshaota ndevu, chache lakini zinahesabika kama ndevu. Guku alisema tangu mwanzo, "Ugonjwa ni wako, lakini ugali ni wetu. Utakula hapa na wenzako." Alisema kwa upendo. Alitaka nisijione nimetengwa. Na mimi nilifurahi kweli, kwa sababu shikome ndiko nilikokuwa mfalme. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, alikuwa akinicheka mpaka anaanguka kwenye kigoda.

Basi tukapanga hivi: ugali ukikaribia, mayu anagonga sufuria kwa mwiko, mimi nasikia, nainuka najichoma gizani kidogo, narudi, chakula kinafika. Ilikwenda vizuri.

Jioni moja akaja mgeni. Alikuwa mshenga, mzee mrefu mwenye koti la mtumba na fimbo, ametumwa na ukoo wa kijana aliyetaka kumuoa dada yangu. Walikuwa wameanza kuongea tangu jua halijazama na mambo yalikuwa yamekwisha, mahari imekubalika. Mayu akasikia wanaume wanacheka, akajua tayari, akagonga sufuria. Nikainuka. Nikajichoma. Nikarudi nikakaa.

Mshenga akakohoa. "Sasa wazee, yule ndama niliyemtaja, anaingia kwenye hesabu au anafuata mama yake kama zawadi?"

Guku akaweka ugoro wake chini. "Ndama gani?"

Na kwetu, wazee wakiwa kwenye ng'ombe, chakula hakiingii. Ugali ukiletwa kabla hawajapatana, ni kama mnamwambia mgeni kula uondoke. Mayu alifika na sahani mpaka pembeni, akasikia neno ng'ombe, akarudi nayo jikoni kuifunika. Hakuwa na namna. Alidhani sijachoma bado. Alidhani nimesikia habari za ndama nami nikasubiri.

Nilisubiri, lakini dawa ilikuwa imeshaingia.

Wakaongea habari ya yule ndama. Rangi yake. Mama yake alizalia wapi. Guku akasimulia ndama mwingine wa zamani ambaye alileta ugomvi kati ya koo mbili. Mshenga naye alikuwa na wa kwake. Mikono yangu ikaanza kutetemeka, nikaikalia. Jasho likanitoka mgongoni, na upepo ulikuwa wa baridi. Nikajua. Hiyo nataka ieleweke: mwanzoni nilijua kabisa. Nikamsogelea baba mdogo, nikamnong'oneza.

"Baba mdogo, nimeshachoma. Nisipokula nakufa."

Akanitazama. Mdomo wake ukaanza kucheza, kama kawaida yake akijua kichekesho kinakuja. "Njaa haijawahi kuua mtu mbele ya mshenga," akasema. "Kaza mkanda."

"Sitanii."

"Hapo ndipo unaponimaliza," akasema, na akacheka kwa pua.

Nikasema kwa sauti, mbele ya wote, "Guku, nakufa."

Guku hakukasirika. Akamgeukia mshenga. "Msamehe, huyu ndiye mchekeshaji wetu. Anasema anakufa kwa uchungu wa ndama." Mshenga akacheka sana, akapiga fimbo chini. Wote wakacheka. Mimi nilikuwa nawaangalia meno yao kwenye mwanga wa moto, meno mengi, na nilitafuta neno ambalo nikilitamka wajue hili siyo lile. Sikulipata. Maneno yote niliyokuwa nayo nilikuwa nimeshayatumia kuwachekesha. Hata uso ningeukunja vipi? Kila mkunjo niliwahi kuukunja.

Kilichofuata nimesimuliwa. Nilisimama nikaanza kuwapima. Nikamshika mshenga bega nikamwambia, "Wewe una mchanga ndani, umejaza mchanga uzito uongezeke." Nikamwambia guku ni fifi. Nikatoa bei ya baba mdogo. Nikataka kumning'iniza mshenga kwenye mti nimshindilie. Wanasema mshenga alifuta machozi kwa koti, wanasema ilikuwa siku niliyochekesha kuliko siku zote tangu nizaliwe. Guku mwenyewe, ambaye hacheki mbele ya wageni, alishika mbavu. Halafu nikaanguka karibu na moto, na hapo wakapiga makofi.

Mayu ndiye aliyetoka jikoni anakimbia. Hakuja kwa sababu ya makofi. Alisema alikuwa ameshaacha mwiko kabla sijaanguka. Baadaye nilimuuliza, mayu, ulijuaje na wao wote walikuwa pale? Akasema, "Wewe ukisema kitu huwa unangoja watu wacheke ndiyo uendelee. Siku ile hukungoja."

Aliniwekea sukari ya wageni kwenye fizi kwa kidole, huku baba mdogo amenishika kichwa, anatetemeka kuliko mimi. Nilipofumbua macho, walikuwa wamesimama wote duara, wanaume wazima, mikono inaning'inia. Hakuna aliyekuwa na la kufanya na mikono yake. Mshenga akasema kwa sauti ndogo, "Ndama basi aende kama zawadi." Guku alikuwa anarudia, "Nimemcheka. Mjukuu wangu amesema anakufa, na mimi nimecheka." Nilitaka nimwambie guku siyo kosa lako, hata mimi ningecheka, nilikuwa nachekesha sana. Ulimi ulikuwa mzito.

Tangu siku hiyo ugali wangu unaletwa mapema, peke yake, hata kama rais yuko shikome. Hilo ni zuri. Lakini kuna lingine, na hili sijampata wa kumlalamikia.

Hawacheki tena. Nikisema kitu, wanageuka kwanza kumwangalia mayu. Baba mdogo, yule wa kuanguka kwenye kigoda, sasa nikianza tu anafumba mdomo na kunichunguza paji la uso kama kuna jasho. Nikisema jambo la akili wanapumua. Nikikaa kimya wanafurahi kabisa, wanasema leo ameamka vizuri. Nikitania, sukari imeshuka. Mayu anatembea na kikombe cha maji ya sukari.

Msimu uliofuata tulikuwa tumekaa uani tunachambua pamba, safi huku, fifi kule. Gunia nilikuwa nimeshaacha, nani angekubali nizame mle ndani tena. Akaja jirani mmoja, mama mchangamfu aliyekuwa amehamia karibuni, hakuwa anajua habari zangu. Akakaa mkekani akaanza kuchambua nasi, mzembe, anachanganya zote.

Nikamwambia, "Shangazi, ukichambua hivyo, ndiyo ulivyochagua na mume?"

Mama yule akaangua kicheko. Kile cha kweli, cha kichwa nyuma. Nilikuwa sijakisikia muda mrefu, nikahisi joto mpaka masikioni. Nikataka kuongeza. Nilikuwa na lingine tayari, zuri kuliko la kwanza, nikangoja amalize kucheka.

Mayu akainuka. Akaingia ndani. Nikasikia kijiko kinagonga kikombe.

"Mayu, niko sawa."

"Kunywa."

"Ulikuwa utani, mayu. Nilingoja acheke. Umeniona nimengoja."

"Nimeona. Kunywa."

Ningekataa. Lakini nesi alikuwa amemfundisha pia kwamba mwenye sukari iliyoshuka huwa anakataa, anasema yuko sawa, anaweza hata kugomba. Kwa hiyo kukataa ni dalili. Kugomba ni dalili. Mtu mwenye akili zake atathibitisha vipi kwamba anazo? Na nilijua maji yale yakiingia, sukari ambayo haikuwa imeshuka itapanda, jioni yote itakuwa kiu na kihenge, kiu na kihenge. Nikamwangalia usoni. Alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili, na hakuwa ananiangalia macho. Alikuwa ananiangalia koo, anasubiri litembee.

Nikanywa.

"Umerudi?" akauliza.

Yule mama jirani alikuwa ameshaacha kucheka. Alikuwa anachambua sasa kwa makini sana, safi huku, fifi kule, hakosei hata moja.

"Nimerudi, mayu."

Akachukua kikombe, akachungulia ndani, akanirudishia. Kulikuwa na sukari chini ambayo haikuyeyuka. Nikaikwangua kwa kidole, nikailamba.